Kabla hujauziwa kadi mpya ya mtandao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na mafundi wenzangu wa kompyuta, na zaidi niseme na wateja wetu, hasa wakuu wa shule na waganga wafawidhi wa zahanati walioingia kwenye Linux ili wakwepe gharama za leseni. Kuna tabia inayonikera hapa Tanga. Kompyuta inafunguliwa, inawekewa kifaa kipya, inawashwa, mtandao hakuna. Fundi anatamka kwamba kadi imeungua, mteja anaingia mfukoni.

Juzi nimeitwa kwenye shule moja ya sekondari kwa shida hiyohiyo. Seva ya maabara yao, kompyuta ya mezani yenye Debian (aina mojawapo ya Linux), ilikuwa imeongezewa diski ya NVMe, ile ya kasi inayotumia njia za PCI. Tangu siku hiyo wanafunzi hawapati kitu. Fundi aliyefunga diski alishaleta proforma ya kadi ya mtandao ya kuchomeka kwenye USB, na mhasibu alishaigonga muhuri. Niliketi nikaandika ip link, amri inayoorodhesha kadi za mtandao. Yakaja majina mawili: lo, ambalo kila Linux inalo kwa ajili ya kujisemesha yenyewe, na enp4s0, pembeni yake pameandikwa DOWN, yaani imezimwa. Nikafungua faili la /etc/network/interfaces. Humo mipangilio yote, anwani na kila kitu, ilikuwa ya enp3s0. Tatu na nne, basi. Nikasahihisha humo, nikasahihisha na kwenye faili la dnsmasq ambayo ndiyo inayozigawia anwani kompyuta za wanafunzi (wengi hulisahau hili la pili, kisha wanashangaa seva ina mtandao na maabara haina), nikawasha upya. Mkuu wa shule akaniuliza, "Kadi iko wapi?" Nikamwambia, "Mama, ni ileile."

Jina kama enp3s0 linasomeka. En ni mtandao wa waya. Ingekuwa wl ni wa hewani, na ww ni modemu ya laini ya simu. P3 ni namba ya njia ya PCI, yaani njia ya ndani inayounganisha vifaa na kompyuta, ambako kadi imekaa, s0 ni nafasi yake kwenye njia hiyo. Namba za njia hugawiwa upya kompyuta inapowaka, kwa kuhesabu vilivyomo. Ile NVMe imekuja na njia yake, ikahesabiwa mapema, na kadi iliyokuwa ya tatu ikasogea ikawa ya nne, kama abiria kwenye foleni aliyetanguliwa na mtu mmoja. Anayetaka kuhakiki kwa lspci, amri inayoorodhesha vifaa vya PCI, aangalie vizuri: lspci huandika namba za njia kwa mfumo wa kumi na sita, jina huziandika kwa kumi. Kadi iliyoandikwa 0a:00.0 itaitwa enp10s0.

Wazee wa eth0, jina la zamani la kadi ya kwanza, najua mnaguna. Lakini mkumbuke ile eth0 ilikuwaje kwenye seva yenye kadi mbili. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ilitoa namba kwa kufuata kadi iliyoonekana kwanza, na draiva (programu za kuendesha kadi) zikipakiwa kwa pamoja, leo eth0 inatazama intaneti, kesho inatazama maabara. Kwa seva inayolinda mtandao hilo ni balaa. Debian ikajaribu kuandika MAC, namba ya utambulisho, ya kila kadi kwenye faili la 70-persistent-net.rules; ukibadilisha kadi, mpya inaitwa eth1, kwa sababu eth0 bado imewekewa marehemu. Majina haya ya kufuata mahali yalikuja na systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, toleo la 197, Januari 2013, na Debian ikayaweka kwenye usakinishaji mpya kuanzia toleo la 9, mwaka 2017. Mimi nayaunga mkono kwa seva ya kadi mbili. Kwa kompyuta yenye kadi moja ni usumbufu mtupu, na hapo ukiweka net.ifnames=0 kwenye GRUB, programu inayoanzisha mfumo kompyuta inapowaka, ukarudi kwenye eth0 sitakulaumu.

Sasa kinachoniudhi hasa. Ile kadi ya USB ingefungwa, nayo ingekuja na jina lake jipya, pengine enx likifuatwa na herufi na tarakimu 12 za MAC. Ili ifanye kazi, fundi angelazimika kufungua faili lilelile na kuandika jina hilo jipya. Mtandao ungerudi, na kila mtu angeamini kadi ya zamani ilikuwa imekufa. Marekebisho ni yaleyale, ila moja linakuja na risiti ya kifaa.

Sikatai, kadi huungua, na radi za mji huu tunazijua. Iliyokufa kabisa kwa kawaida hata lspci haiioni. Iliyoungua kwenye tundu la waya inaonekana, lakini hata ukiiwasha kwa ip link set na kuichomekea waya mzima kwenye swichi nzima, inabaki imeandikwa NO-CARRIER, yaani haisikii kitu kwenye waya. Mteja ana haki ya kuonyeshwa hayo kwenye kioo kabla hajalipa. Aombe pia dmesg | grep renamed, inayotafuta kwenye kumbukumbu za kerneli, aone kerneli imeiita kadi jina gani.

Pale shuleni nilimalizia kwa faili dogo ndani ya /etc/systemd/network, nikaliita 10-maabara.link. Sehemu ya Match ina MAC ya kadi, sehemu ya Link ina Name=maabara0, kisha amri ya update-initramfs -u ili mfumo ulijue faili hilo tangu unapoanza kuwaka, na jina hilo nikaliandika kwenye yale mafaili mawili ya mwanzo. Jina unachagua mwenyewe, lisizidi herufi 15, na lisiwe eth0 maana kerneli yenyewe hulitumia. Sasa hata wakiongeza diski nyingine jina halisogei. Siku kadi yenyewe ikibadilishwa, MAC ndiyo ya kurekebisha kwenye faili hilo, kwa hiyo nimeiandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya gundi ubavuni mwa seva, pamoja na jina la faili. Vyuo vya ufundi vingefundisha hata hilo la karatasi tungeshukuru.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi kompyuta, Ngamiani, Tanga