Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Tuliousoma Yemen

Assalaam alaykum, ndugu wanachama.

Kwenye mkutano mkuu uliopita mlikataa kuirukia Mashariki ya Kati yote kwa pamoja, mkachagua Yemen peke yake. Mlichagua vyema. Wengi wetu hapa Unguja tuna mababu Washihiri, watu wa Hadhramaut, upande wa kusini wa Yemen, na darsa za madhehebu yetu ya Shafi zimekolezwa na wanazuoni wa Hadhramaut tangu zamani.

Tulianza na maneno yaliyo kinywani mwa kila mtu: Sunni na Shia. Vikao vitatu vilikwenda humo, na mimi mwenyewe nikiamini jawabu la kwa nini Wayemeni wanapigana limo humo. Aliyetuvunjia hoja ni Ali Abdullah Saleh, aliyekuwa rais wa Yemen. Alikuwa Mzaidi, tawi la Shia. Akapigana na Wahouthi, kundi la waasi la kaskazini, Wazaidi wenziwe, vita sita baina ya 2004 na 2010. Alipoacha urais 2012 akashikana nao, wakaitwaa Sanaa, mji mkuu, Septemba 2014. Desemba 2017 wao hao wakamuua. Muda wote huo dhehebu lake lilikuwa lile lile. Tangu hapo kila mtoa mada tunamuuliza kwanza: jeshi lilikuwa mkononi mwa nani, na nani alifungiwa mlango?

Darsa ya Kusini iligusa nyoyo zaidi. Vijana hawakujua kwamba Tarim, mji wa masharifu tunaowataja kwenye maulidi, uliishi chini ya dola ya Yemen Kusini, iliyofuata nadharia za Marx, hadi muungano na Kaskazini wa 22 Mei 1990. Na chama kilichotawala dola hiyo, kikihubiri kufuta ukabila, kiliuana chenyewe kwa chenyewe Aden, mji wake mkuu, Januari 1986, watu wakisakwa kwa mikoa na makabila yao. Mama mmoja mwanachama alituhadithia barua za mjomba wake zilivyokatika mwaka ule, na zisirudi tena. Tulifunga kikao mapema.

Mjadala wa vita vyao vya Kaskazini na Kusini vya 1994, miaka minne tu baada ya kuungana, niliukatiza ulipogeukia Muungano wetu. Nilikosea. Safari nyengine nitauacha uendelee, kwa adabu.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Wenzetu wa Wete wamechoshwa na nauli ya boti, basi kikao kijacho kitakuwa Pemba.

Mwaka huu napendekeza Dhofar, jimbo la kusini mwa Oman, na vita vyake vya 1965 hadi 1975 ambavyo waasi waliungwa mkono na Aden. Wapo jamaa zetu waliohamia Oman baada ya 1970 wakavikuta. Mwenye mzee wa namna hiyo amwendee sasa, amsikilize, aandike. Majina niyapate kabla ya Ramadhani.