Wito wa harambee: tumchangie mwenzetu atibiwe taya

Majirani, jamaa na wateja wetu wa steji ya bodaboda hapa Likoni, hamjambo.

Mmekuwa mkiuliza mbona yule kijana wa pikipiki nyekundu haonekani tena feri asubuhi. Alianguka kwenye tuta, kidevu kikapiga lami. Helmeti alivaa, ila ni ya aina ile ya wazi isiyoziba kidevu, kama tunazovaa wengi wetu. Kichwa kilisalimika. Akashonwa, akarudi nyumbani, tukadhani yamekwisha.

Sasa mdomo haufunguki kuzidi upana wa vidole viwili. Mahamri hayatafuniki, anashindia uji. Na sikio la kushoto linalia mlio mwembamba usiokatika, usiku ndiyo balaa. Wapo waliosema ni kwinini, na kweli dawa hiyo huvumisha masikio, lakini yeye hakuinywa. Wapo waliosema ni shetani. Hao tumewaitikia kwa adabu tukampeleka kwa daktari wa meno na taya.

Daktari alituambia tuweke kidole mbele ya tundu la sikio, tufungue mdomo na kuufunga. Jaribu nawe. Kinachocheza hapo ni kiungo cha taya, kimepakana kabisa na njia ya sikio. Ukipigwa kidevuni, kishindo hupanda na mfupa hadi pale, kikaweza kuvunja shingo ya taya au kuhamisha kisahani cha gegedu kilicho ndani ya kiungo. Tena neva inayoendesha misuli ya kutafuna ndiyo inayoendesha kimsuli kinachokaza ngoma ya sikio, na matawi yake hufika hadi sehemu ya ubongo inayopokea sauti. Ndiyo maana mwenzetu akiuma meno mlio unapanda, akilegeza unashuka. Kwa daktari, hiyo ni dalili kwamba taya limehusika.

Tunahitaji shilingi 95,000: picha ya CT, kipimo cha masikio, kifaa cha plastiki cha kuvaa juu ya meno usiku, na mazoezi ya taya kwa mtaalamu wa viungo. Sisi wa steji tumechanga 31,500. Zimebaki 63,500. Ikionekana anahitaji upasuaji tutarudi kwenu, tusifichane. Wala daktari hakuahidi kwamba mlio utakwisha wote. Alisema taya likitulia, huenda nao ukapungua. Kwa mtu asiyelala, kupungua si haba.

Harambee ni Jumapili baada ya swala ya alasiri, hapa hapa steji. Hesabu itasomwa hadharani na risiti za hospitali zitabandikwa kibandani. Mama wa mahamri ameshatoa mauzo yake ya siku nzima, kwa hiyo nyinyi mnaokopa kwake mjitazame.

Mwenye ahadi aiandikishe kwa mweka hazina mapema. Miadi ya picha ni Jumatano, na malipo yanatakiwa kabla.

Katibu, kwa niaba ya steji