Mji Uliozaliwa na Karakana

Patna, Bihar, India

Ndugu yangu Shabani,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima, joto tu ndilo linanikaanga. Nisamehe kwa ukimya, mitihani ilinibana. Ilipokwisha nikapanda treni kwenda Jamalpur, na njia nzima nikawa namkumbuka mzee wako na lile sanduku lake la spana.

Unajua kwetu Tabora mji ulikuwepo zamani, misafara ikipita na pembe, ndipo Wajerumani wakafikisha reli mwaka 1912. Jamalpur ni kinyume. Karakana ilitangulia, mji ukaifuata. Kampuni ya East Indian Railway iliifungua tarehe 8 Februari 1862, pale chini ya vilima, na kabla ya hapo India haikuwa na karakana kamili ya reli. Zikaja kota, likaja soko, ikaja shule ya ufundi mwaka 1888. Vyeo vikubwa walikuwa navyo Wazungu, nyundo walikuwa nazo wenyeji. Hadithi hiyo huhitaji nikusimulie.

Kwa nini pale? Ukiwasikiliza wengine utadhani Waingereza waliota ndoto tu. Mimi nasema ni wahunzi. Jirani kabisa kuna Munger, na Munger walikuwa wakitengeneza bunduki tangu Nawabu Mir Qasim, mtawala wa Bengal, alipohamishia makao yake huko miaka ya 1760. Mtu aliyerithi kwa babu yake kazi ya kutoboa mtutu wa bunduki, utamfundisha nini kuhusu chuma? Mwaka 1899 wakaunda injini nzima ya mvuke wenyewe, ikaitwa Lady Curzon, jina la mke wa mtawala wa Kiingereza. Mwaka huohuo Nairobi ndiyo kwanza ilikuwa kambi ya reli, mahema matupu! Jina hilo linaniudhi kidogo. Wangeipa la mhunzi.

Tetemeko la Januari 1934 liliibomoa Munger vibaya, na Jamalpur nayo ikaumia, lakini kazi ilirudi. Hata karani mmoja wa ofisi ya mahesabu ya reli, P. R. Sarkar, alianzishia hapo mwaka 1955 jumuiya yake ya kiroho, Ananda Marga, ambayo leo ina wafuasi hadi nje ya India. Kumbe makarani nao huwa wana mambo yao.

Injini za mvuke zimekwisha. Siku hizi wanakarabati mabehewa, na wameunda hata kreni za tani 140 za kunyanyulia treni zilizoanguka. Ila kitu chenye sifa zaidi ni jeki za Jamalpur, zile za hesi, za kuinulia behewa. Stesheni nilikaa na fundi mstaafu, Kihindi changu cha kuokoteza, naye akaniuliza: huko kwenu mnainulia nini? Nikakwama. Basi muulize mzee jeki zao pale Tabora ziliandikwa zimetoka wapi, unijibu upesi. Nimemwahidi yule babu kwamba nitarudi na jibu.

Wako,
Hamisi