Boundary Waters na watoto: tuthibitishe kabla ya Jumapili

Habari za jioni wazazi wenzangu. Tunaondoka Minneapolis Ijumaa 10 Julai, saa 10 alfajiri, kwenda Boundary Waters, hifadhi ya maziwa kaskazini mwa Minnesota, tuchukue kibali mji wa Ely na kuingia majini kwa mitumbwi kabla upepo wa mchana haujachafua ziwa.

1. Mchango: dola 90 mtu mzima, 45 mtoto (mitumbwi, kibali, chakula cha siku 3). Mwisho Jumapili 28 Juni.

2. Tuko 9, na sheria ya huko hairuhusu kundi kuzidi 9. Binamu wa dakika ya mwisho, samahani.

3. Jaketi la kuokolea la mtoto huchaguliwa kwa uzito, si umri, na liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Mvalishe, kaza mikanda yote, kisha mwinue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni ni kubwa, majini litamvuka. Mtoto atakaa chini katikati ya mtumbwi, juu ya mkeka uliokunjwa. Msimfunge kamba kwenye mtumbwi hata kidogo: ukipinduka, unamzamisha nao.

4. Vyakula na vinywaji vya makopo na chupa za kioo ni marufuku, soda ya kopo pia. Chakula chote kinalala kwenye mapipa ya kuzuia dubu, si hemani. Hata dawa ya meno ya watoto, maana inanukia tamu.

5. Jinzi ziacheni nyumbani, zikilowa hazikauki.

Nani yupo? Tafadhali jibu hapa hapa: TUPO, idadi yenu, uzito wa mtoto, na mzio kama anao. Asanteni sana.