Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: gesi ya Lindi isiwe ya mnunuzi mmoja

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu jambo moja katika majadiliano ya mradi wa LNG (gesi asilia iliyopozwa ikawa kimiminika ili isafirishwe kwa meli) wa Likong'o, Lindi: gesi yetu atauziwa nani, na kwa masharti gani. Kodi na mrabaha tunabishania kila siku. Mikataba ya mauzo haisemwi, na huko ndiko mataifa makubwa ya Asia yanakopimana nguvu.

Mwaka 2021 China iliipiku Japani kwa ununuzi wa LNG. Mwaka uliofuata kampuni yake ya Sinopec ikasaini na Qatar mkataba wa miaka 27, tani milioni 4 kila mwaka. India nayo, kupitia kampuni ya Petronet, ikaongeza muda wa mkataba wake na Qatar mwaka 2024 hadi 2048, tani milioni 7.5 kwa mwaka. Kila mmoja anawahi asije akakuta mwenzake kashachukua. Nchi yenye futi za ujazo trilioni 57 za gesi haina sababu ya kukaa mezani kinyonge.

Hata hivyo, Mheshimiwa, naomba wataalamu wako waisome vizuri habari ya Petronet. Mkataba wake wa awali na Qatar ulifunga bei ya gesi kwenye wastani wa bei ya mafuta ya miaka iliyopita. Mafuta yalipoporomoka, bei ya mkataba ikabaki juu huku sokoni gesi ikiuzwa rahisi. Mwaka 2015 Wahindi wakachukua mzigo pungufu kuliko waliokubaliana, na mwisho wa mwaka Qatar ikaridhia kushusha bei karibu nusu na kusamehe faini. Qatar ina wateja wengi, ilimudu. Sisi tukiwa na mteja mmoja, siku akigoma tutamudu vipi?

Na mkopo mkubwa huja na mnunuzi wake. Mwaka 2020 benki ya serikali ya Japani, JBIC, iliukopesha mradi wa gesi wa Msumbiji hadi dola bilioni 3. Mitsui, kampuni ya Japani, ni mbia mle, na kampuni nyingine za Japani ni wanunuzi. Silaumu, wanalinda nchi yao. Nasi tulinde yetu.

Kwa hiyo naomba mauzo yagawanywe kwa wanunuzi wa nchi tofauti, na anayekopesha asipewe haki ya kwanza ya kununua. Tena masharti hayo yafikishwe bungeni kabla ya kusainiwa. Sheria ya mwaka 2017 ya mikataba ya maliasili inaliruhusu Bunge kupitia masharti hasi, ila kuyarekebisha mkataba ukishasainiwa ni kazi ngumu na ya gharama.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwananchi, Lindi