Mjomba, jenga utoro kabla ya kujaza bwawa

Mjomba, shikamoo.

Picha za bwawa ulizotuma kwenye kundi la ukoo nimezitazama moja moja. Tuta limepanda vizuri, mfinyanzi umeshindiliwa kwa matabaka, na upande wa ndani umepangwa mawe. Kazi nzuri, hongera. Ila nilipotafuta mahali ambapo maji ya ziada yatapitia, niliona bomba moja la inchi 12 na mfereji wa udongo mtupu uliochimbwa na mashine ya kijiko pembeni mwa tuta. Chini ya picha uliandika kwamba utoro wa zege, yaani njia ya kupitishia maji ya ziada, utasubiri mwakani, banda la wageni likishakamilika na vifaranga vya sato vikishaingia majini.

Naiweka barua hii hadharani, bila jina lako wala la kijiji, kwa sababu hauko peke yako. Mabwawa ya binafsi yanaongezeka mashambani, na mengi niliyoyaona yanafuata mpangilio uleule: tuta kwanza, maji yafuate, samaki waingie, halafu utoro ujengwe pesa ikibaki. Nakuomba upindue mpangilio huo. Bwawa lisijae kabla utoro haujakamilika.

Tuta la udongo lina nguvu nyingi sana likisukumwa na maji kutoka upande mmoja. Halina nguvu yoyote maji yakipita juu yake. Yakishavuka mgongo wa tuta yanateremka kwa kasi upande wa nje, yanachimba udongo kuanzia chini ya mteremko, na shimo linapanda kurudi nyuma mpaka likutane na ziwa. Hapo maji yote uliyoyakusanya yanatoka kupitia pengo moja. Inaweza kuchukua saa chache, na kwa tuta dogo hata chini ya saa. Hakuna viroba vya mchanga wala vijana wa kijiji watakaoweza kuliziba.

Tufanye hesabu. Uliniambia eneo linaloleta maji kwenye kijito chako, kuanzia ukingo wa kilima mpaka kwenye tuta, ni kama kilomita 2 za mraba. Milimita 1 ya mvua juu ya kilomita 1 ya mraba ni mita za ujazo 1,000. Ikinyesha mvua ya milimita 50 ndani ya saa moja, zitakuwa mita za ujazo 100,000 zilizoanguka juu ya eneo lako. Nusu ikizama ardhini na nusu ikiteremka ndani ya saa hiyohiyo, bwawa litapokea karibu mita za ujazo 14 kila sekunde. Bomba lako la inchi 12, likiwa na mita 2 za maji juu yake na halijaziba, hupitisha takriban lita 300 kwa sekunde. Ni theluthi ya mita moja ya ujazo, Mjomba, wakati zinaingia 14. Bomba hilo lina kazi yake ya kushushia maji taratibu na kulifanyia bwawa usafi. Kuokoa tuta siyo kazi yake.

Sasa tazama utoro. Kizingiti kipana cha zege chenye upana wa mita 10 kinahitaji maji yapande karibu sentimita 90 juu yake ili kipitishe hizo mita 14. Upana ukiwa mita 15, maji yatapanda sentimita 67 hivi. Juu ya hapo ongeza nafasi ya mawimbi, na ya udongo wa tuta ambao utaendelea kukaa chini kwa miaka kadhaa. Kwenye picha zako mgongo wa tuta umeupita mfereji wa pembeni kwa nusu mita tu, au chini ya hapo. Hata ukiusakafia mfereji huo zege leo, maji ya mvua hiyo yatapita juu ya tuta. Kwa hiyo upana wa utoro na kimo cha tuta huamuliwa pamoja, na huamuliwa kwa mvua kubwa, siyo kwa kijito unachokiona wakati wa kiangazi.

Najua utasema kijito hicho hakijawahi kuvuka magoti tangu ulipohamia huko. Umehamia juzijuzi. Waulize wazee wa hapo walichokiona kwenye mvua za El Niño za 1997 na 1998, na wakuoneshe kwa kidole maji yalifika wapi. Halafu kuna hili la uwezekano: mafuriko ambayo kila mwaka yana nafasi 1 katika 100 ya kutokea, ndani ya miaka 50 yana nafasi ya karibu 40 katika 100. Bwawa unalotaka kuwaachia wajukuu litaishi miaka 50 na zaidi. Nafasi ya 40 katika 100 hakuna mtu angeikubali kwa paa la nyumba anayolala.

Kuhusu samaki. Uliuliza kama unaweza kufunga wavu wa chuma kwenye utoro ili sato wasiponyoke. Tafadhali usifunge. Pennsylvania, Marekani, kulikuwa na bwawa la South Fork, tuta la udongo lenye kimo cha mita 22 hivi. Mwaka 1879 lilinunuliwa na klabu ya matajiri wa Pittsburgh waliotaka ziwa lao la kuvulia samaki na kupumzikia. Mgongo wa tuta ulikuwa umeshushwa ili magari ya farasi yapite juu yake. Mabomba ya chini ya kushushia maji yalikwisha kung'olewa na mwenye bwawa wa awali, hayakurudishwa. Na kwenye utoro ziliwekwa nyavu za kuzuia samaki. Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa, nyavu zikajaa matawi na takataka. Vibarua walihangaika kuzing'oa, wakajaribu hata kuchimba njia nyingine ya maji upande wa pili, lakini muda ulikuwa umekwisha. Maji yakapanda juu ya tuta, likakatika, na mji wa Johnstown ulioko bondeni ukasombwa. Watu 2,209 walikufa. Wenye ziwa walikuwa na pesa za kutosha kujenga utoro mkubwa na kurudisha mabomba. Walichokosa ni mtu wa kuwalazimisha kulifanya hilo kabla ya starehe.

Sato watakaoponyoka kwenye mafuriko utawarudisha kwa kununua vifaranga. Kama kuna haja ya kuzuia magogo, weka nguzo imara zilizoachana, mbali kidogo mbele ya kizingiti, na umweke mtu wa kuzisafisha baada ya kila mvua.

Hapa jirani tunao mkasa wa Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya majuma ya mvua nyingi, bwawa ndani ya shamba la binafsi lilipasuka na maji yakashukia makazi yaliyokuwa chini yake. Zaidi ya watu 40 walikufa, watoto wengi wakiwemo. Hawakuwa na hisa katika bwawa lile. Walikuwa wamelala nyumbani kwao. Kila ninaposoma habari za Solai nafikiria kile kitongoji kilicho chini ya shamba lako, akina mama wanaofua pale darajani, na vibanda vya wanaolinda mpunga usiku. Ndiyo maana siwezi kulichukulia hili kama suala la fundi na tajiri wake kuelewana bei.

Sasa tuongee ujenzi wenyewe, maana najua utauliza.

Utoro ukae kwenye ardhi ya asili iliyo ngumu, pembeni mwa bonde, usikae juu ya udongo uliojazwa. Zege likikaa juu ya kifusi, kifusi hushuka, zege hupasuka, na ufa huo unakuwa mlango wa maji. Ukuta wa utoro ulio upande wa tuta ndio wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu maji hupenda kupenya pale zege linapokutana na udongo. Mfinyanzi wa hapo ushindiliwe kwa mkono, tabaka jembamba kwa tabaka, ukiwa na unyevu wa kutosha. Mashine kubwa haifiki kwenye kona hizo na mafundi wengi huziruka.

Chini ya kizingiti lazima uzame ukuta wa zege kwenda ardhini, mpaka kwenye mwamba au udongo mgumu, ili maji yasipite chini ya sakafu. Mwisho wa utoro, kule chini, uzame ukuta mwingine kama huo, ili maji yakichimba kijito yasile sakafu kutoka nyuma. Nimeona utoro uliojengwa vizuri juu ukabaki unaning'inia hewani kwa sababu mwisho wake uliachwa wazi. Kwako maji yataanguka kama mita 6. Yasipopunguzwa nguvu njiani yatafika chini yakiwa na kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde, na kasi hiyo huchimba korongo. Jenga mteremko kwa ngazi, au malizia kwa birika la kutulizia maji, halafu panga mawe makubwa mbele yake. Kwa mahali penye mteremko mpole na udongo mgumu, utoro mpana wa nyasi ungetosha kabisa, na ningekushauri uhifadhi pesa zako. Kwako kuna mteremko mkali, udongo ni wa kichanga, na kijito kinatiririka mwaka mzima. Nyasi hazitastahimili.

Usidhani unene wa zege peke yake unatosha. Bwawa la Oroville huko California ndilo refu kwenda juu kuliko yote Marekani, mita 235, na utoro wake ulikuwa wa zege. Februari 2017 sakafu ya utoro ule ilibomoka katikati ya mafuriko, na watu wapatao 188,000 wakaamriwa kuhama. Maji yalikuwa yanapenya kwenye nyufa na maungio, yakajikusanya chini ya sakafu na kuisukuma juu, wakati mwamba wa chini ulikuwa dhaifu na mifereji ya chini haikufaa. Kwa hiyo kwenye kila ungio pawekwe mpira wa kuzuia maji, chini ya sakafu itandikwe kokoto na mabomba yenye matundu ya kutoa maji yaliyopenya, na sakafu ifungwe kwenye mwamba kwa nondo. Hayo ndiyo mambo mafundi huyaita mbwembwe za wahandisi, na ndiyo ya kwanza kukatwa kwenye bajeti kwa kuwa yakishafunikwa hayaonekani.

Zege lenyewe lisiwe hafifu kuliko sehemu 1 ya saruji kwa sehemu 1.5 za mchanga na 3 za kokoto, na maji yasizidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50. Vibarua hupenda kuongeza maji ili zege litiririke. Simama pale, au mweke mtu unayemwamini asimame. Likishamwagwa, lifunikwe magunia na kumwagiliwa maji siku 7 bila kukosa, na utoro usipitishiwe mafuriko kabla ya siku 28. Unene wa sakafu na mpangilio wa nondo vitoke kwa mhandisi aliyesajiliwa, siyo kwa fundi wala kwangu kwa kuangalia picha.

Kibali cha bodi ya maji ya bonde lenu unacho? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inakihitaji, na michoro ya utoro ni sehemu ya kile watakachotaka kuona. Usiwaone kama watu wa kukuwekea vikwazo. Wao ndio jicho la pili ambalo klabu ile ya Pittsburgh haikuwa nalo.

Kuhusu gharama, kuna mahali pa kupunguza. Kuta za pembeni zinaweza kujengwa kwa mawe na saruji badala ya zege lenye nondo, kwa kuwa mawe unayo shambani. Banda la wageni linaweza kungoja. Geti la chuma uliloonyeshwa na yule muuzaji usilinunue kabisa, kwani utoro wa wazi usiohitaji mtu wa kuufungua usiku wa mvua ni salama zaidi kwa bwawa la ukubwa huo. Upana wa utoro, kuta za kuzama na mifereji ya chini visiguswe hata pesa ikipungua.

Kwa msimu huu unaokuja, fungua bomba la chini na uliache wazi mpaka mvua ziishe, kina kisizidi theluthi moja ya tuta. Kumbuka bomba hilo haliwezi kushindana na mvua kubwa, kwa hiyo zungumza mapema na mwenyekiti wa kitongoji mkubaliane nani atampigia nani simu maji yakipanda, na watu wahamie upande gani. Kama mhandisi akiona inafaa, mfereji ule wa pembeni upanuliwe na kuchimbwa chini zaidi wiki hii hii, wakati kijiko bado kiko shambani.

Nikija mwezi ujao nitafuatana na mpimaji mwenye vifaa vyake, tupime kimo cha tuta na alama za mafuriko ambazo wazee watatuonesha. Ukikubali, nijulishe kabla hujamlipa fundi wa banda, na umwambie shangazi nitalala siku mbili.

Mpwa wako