Pikipiki ya mzee haikuwa nyekundu: kwa nini tunatoza tunachotoza kurekebisha picha za zamani

Malalamiko ni yale yale. Mteja analeta picha ya babu yake juu ya BSA, pikipiki ya Kiingereza, au ya baba yake na Honda ya kazi. Tunamtajia bei, naye anatoa simu mfukoni na kutuonyesha picha hiyo hiyo, imeshapakwa rangi na programu ya bure. "Hii imemaliza kwa dakika moja. Nyinyi mnataka elfu sitini ya nini?" Mwezi uliopita mmoja alikwenda kusema mtaani kwamba tunaibia watu. Nimeona nieleze kazi yenyewe ilivyo, halafu kila mtu apime.

Hapa Tanga picha za pikipiki za kazi tunazipokea kwa wingi, pengine kuliko za harusi. Zamani mtu akikabidhiwa pikipiki na mwajiri wake hakukawia kumtafuta mpiga picha. Bwana shamba, bwana afya, tarishi wa posta, katekista, msimamizi wa shamba la mkonge, askari polisi: kila mmoja alisimama kando ya chombo chake, viatu vimepigwa rangi, mkono mmoja kwenye usukani. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo picha pekee ya mzee iliyobaki, na ndiyo pekee inayomwonyesha akiwa kazini.

Kwa hiyo kwetu pikipiki iliyo pichani ni ushahidi, hatuichezei. Mara nyingi nyuma hakuna tarehe, na ndugu wanabishana. Hapo tunasoma chuma. Tenki likiwa bapa, limebanwa kati ya mabomba mawili ya fremu, basi pikipiki ni ya kabla ya miaka ya 1930. Likiwa limelalia bomba la juu, pande zote mbili zimeshuka, ni ya baadaye. Springi kubwa moja ikionekana mbele, chini ya taa, huo ni mtindo wa pikipiki za Kiingereza hadi Vita Kuu ya Pili. Shokapu za mabomba yanayoingiana, kama ilizonazo hata Boxer ya leo, zilienea kwao baada ya vita, ingawa Matchless G3L ya jeshi ilikuwa nazo tangu 1941. BSA M20 ya cc 500 ilitengenezwa kwa wingi wakati wa vita hivyo, zaidi ya 120,000, na nyingi ziliuzwa kwa raia baada ya jeshi kuziacha. Na Honda ndogo yenye ngao nyeupe ya miguu na mnyororo uliofunikwa wote haiwezi kuwa ya kabla ya 1958, maana aina hiyo, Super Cub, ilianza mwaka huo.

Familia moja ya Korogwe ilitaka tuandike "1938" chini ya picha ya babu yao. Pikipiki iliyokuwa pale ni BSA Bantam, ambayo ilianza kutengenezwa 1948. Nikawaomba waulize kwanza kwa wakubwa kabla hatujachapa. Shangazi yao akakumbuka kwamba babu alianza kazi ile baada ya kuzaliwa mtoto wake wa nne, vita vimekwisha zamani. Hiyo huduma hatukuitoza hata senti, lakini ni sehemu ya kazi. Programu ya simu haitakuuliza swali kama hilo.

Sasa nije kwenye rangi, maana ndiko watu wanakodhani tunapiga bei bure. Filamu nyingi za kamera za kawaida za miaka ile hazikuuona wekundu kabisa. Verichrome ya Kodak, iliyotumiwa na watu wengi sana tangu 1931 hadi ilipobadilishwa 1956, iliona bluu na kijani, lakini kitu chekundu kilitoka karibu cheusi na bluu ikatoka nyeupe nyeupe. Chukua mfano wa Bantam za posta ya Uingereza, walizopelekea telegramu. Zilipakwa nyekundu. Bantam za kawaida za mwanzo zilikuwa za kijani hafifu. Ukipiga picha ya ile nyekundu kwa filamu ya namna hiyo, tenki linatoka jeusi tii. Programu inaona jeusi, inaacha jeusi, au inabahatisha rangi inayoijua yenyewe. Na jambo hilo hilo linawagusa wazee wetu usoni. Filamu isiyoona wekundu ilizidisha weusi wa ngozi yetu, na maungo ya uso yakazama kivulini. Yapo bado ndani ya karatasi, ila yanatakiwa kuvutwa taratibu, sehemu kwa sehemu. Programu nyingi nilizoziona zinaamua tu kumfanya mtu mweupe. Hilo linanikera kuliko yote.

Picha za rangi nazo zina ugonjwa wao. Karatasi ina rangi tatu ndani yake, na kwenye karatasi nyingi za miaka ya 1970 ile ya samawati hufa kwanza, hata picha ikikaa gizani ndani ya sanduku. Inayobaki ni picha nyekundu yote. Walikuja ndugu watatu na picha ya baba yao, bwana shamba wa kahawa, amekalia Honda. Mkubwa aliapa pikipiki ilikuwa nyekundu, na alikwisha kuipitisha kwenye simu, nayo ikaizidishia wekundu hadi ikang'aa. Sisi tulianza na ngao ya miguu, kwa sababu ngao za Honda zile tunajua zilikuwa nyeupe au karibu na nyeupe. Ukiirudisha ngao kwenye weupe wake, rangi nyingine zinafuata. Shati likawa kaki, majani ya mibuni yakawa kijani, na madigadi yakatoka ya bluu. Mkubwa alikasirika, akasema tumeibadilisha pikipiki ya baba yake. Tukampigia mama yao mdogo simu mbele yake, bila kumdokezea rangi yoyote. "Ile Honda ya kilimo? Si ilikuwa ya bluu jamani, nimeipanda nikiwa msichana." Wakalipa, wakachapisha nakala tatu.

Lakini kisa ninachokitaja zaidi mteja anaponionyesha simu yake ni cha mama mmoja wa Muheza, mjane wa katekista. Kijana wake, kwa nia njema kabisa, alipitisha picha ya marehemu kwenye programu ya akili mnemba, akaichapa kubwa, akaitundika sebuleni siku ya kumbukumbu. Mama akaitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Huyu nani?" Alipoletwa kwetu nikamwamkia, nikampa kiti, akaninyooshea kidole juu ya nyusi yake mwenyewe: "Mwanangu, mume wangu alikuwa na kovu hapa." Tukaweka picha mbili pamoja. Kovu limefutwa, pua imechongwa upya, meno yameongezwa mahali alipofunga mdomo. Spoku za gurudumu la mbele zinaishia hewani. Mkono wa klachi umeyeyuka ndani ya usukani. Kibao cha namba kina michoro isiyo herufi wala tarakimu. Na mkoba wa vitabu uliokuwa kwenye keria, ambao mama alisema aliushona yeye, umegeuzwa kuwa sehemu ya kiti. Kila kilichomfanya mtu yule awe katekista wa Muheza kilikuwa kimeondoka.

Sisi uso hatuubuni. Kama sehemu imeliwa na wadudu, tunaomba picha nyingine ya mtu huyo huyo tupime nayo. Isipopatikana, tunasafisha kingo na kuliacha pengo lilivyo, na tunamwambia mteja sababu. Wapo wanaoondoka wamenuna kwa ajili hiyo, na bado hatubadilishi utaratibu.

Njia za mkato za nyumbani ndizo zinazopandisha bei zaidi. Laminesheni kwanza. Mtu anaona picha inachakaa, anaipeleka ikapigwe laminesheni kama kitambulisho. Plastiki ile inashikana na picha kwa joto na gundi, unyevu unafungiwa ndani, na siku ukitaka kuitoa inaondoka pamoja na picha yenyewe. Hatuwezi kuirudisha. Tunachoweza ni kuipiga picha na mng'ao wake wote, kisha kukaa kuuondoa mng'ao huo kidogo kidogo, na hiyo ni kazi unayoilipia bila sababu.

Halafu kioo. Uso wa picha ya zamani ni jelatini, utando kama gundi, na jelatini inanyonya unyevu. Kwa hewa hii ya baharini, picha iliyokaa miaka kwenye fremu inanata na kioo. Kijana mmoja, baba yake alikuwa askari wa doria ya pikipiki, alijaribu kuibandua kwa wembe. Pikipiki ilibaki kwenye karatasi, uso wa mzee ukabaki kwenye kioo. Alikusanya vipande vyote, na hilo ndilo lililomwokoa. Tulipiga picha kioo peke yake na karatasi peke yake, tukaviunganisha kwenye kompyuta. Bei ilikuwa mara tatu ya ile tuliyomtajia mwanzo, alipokuja kuulizia akaona ni ghali. Angeileta ndani ya fremu yake tungeipiga juu ya kioo hivyo hivyo, taa mbili pembeni kwa nyuzi 45, na asingepoteza chochote.

Na tafadhali, kutuma kwa WhatsApp hakutoshi. Kwenye picha ndogo kibao cha namba kinaweza kuwa na kimo cha milimita 4 tu. Tukiskani kwa nukta 1,200 kwa inchi, kimo hicho kinapata nukta kama 190, na namba zinasomeka. Picha ya picha iliyopigwa kwa simu, ikabanwa tena njiani, inatufikia na ukungu mahali pa namba.

Hiyo elfu sitini ni ya picha iliyoharibika sana, yenye nyufa, madoa na rangi iliyokufa. Ndani yake mna kuskani, siku nzima au zaidi mbele ya kompyuta, simu tunazowapigia wazee wenu, na chapa moja kwenye karatasi nzuri. Picha yenye vumbi na mikwaruzo tu ni elfu ishirini. Kuskani peke yake ni elfu kumi, na faili unapewa lote, bila kubanwa. Nusu inatangulizwa.

Ukija, usifute picha kwa kitambaa chenye maji, usiandike nyuma kwa kalamu ya wino, usitoe kwenye fremu kama imenata. Ukiweza, njoo na mtu aliyemjua mzee au aliyewahi kuipanda pikipiki yake, au uwe na namba yake ya simu. Kazi ikifika nusu tunakuita uione kwenye skrini kabla ya kuchapa, ndipo useme kovu lilikuwa kushoto au kulia. Picha yako halisi hailali kwetu. Tunaiskani ukiwa umekaa pale, tunaitia kwenye bahasha ya karatasi, na unaondoka nayo.